Jumatano Asubuhi na Wataalamu wa Watoto, Bukavu: Kikao Kinachofaa Kilichowekwa Saa Isiyofaa

Nilihudhuria kikao cha kwanza kwa sababu mke wangu hakuweza kwenda. Yeye huuza viazi na maharagi katika soko la Nyawera, na Jumatano mzigo wake huingia mapema; mimi nafundisha zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi niko nyumbani na binti yetu. Jirani alikuwa ametuambia kwamba katika ukumbi wa parokia moja hapa Ibanda wazazi wa watoto walio chini ya miaka mitano hukutana na wataalamu Jumatano mbili kwa mwezi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano, kila safari na mada yake na mtaalamu wake. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikachukua kadi yake ya kilo, nikashuka. Tangu siku hiyo nimehudhuria vikao saba, na ninaandika haya kwa ajili ya wazazi wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, wanaojiuliza kama inafaa kuacha kazi za asubuhi ili kwenda kusikiliza maneno.

Kiingilio ni faranga 2000 kwa kila familia, watoto wawe wangapi. Ukumbi una mabenchi pembezoni na mikeka katikati, na nyuma kuna chumba kidogo ambamo mabinti wawili wa parokia hukaa na watoto waliokwisha kutembea. Kwa kawaida huwa tuko wazazi thelathini hivi. Chai hutolewa, maji ya kunawa yapo mlangoni, na kikao huanza nusu saa baada ya saa iliyotangazwa, hasa mvua ikinyesha.

Jambo lililonifanya nirudi lilitokea hata kabla mada ya siku ile haijaanza. Mtaalamu wa lishe, mama wa makamo aliyevaa kitenge kama akina mama wengine na si koti jeupe, alikuwa akipita kwenye mikeka akisalimia watoto. Alipofika kwangu aliomba kadi, akaifungua juu ya goti lake, akaufuata kwa kidole mstari wa uzito tangu mwezi wa kwanza. Mstari ulipanda vizuri hadi mwezi wa nane, kilo 7.4, kisha ukalala: mwezi wa tisa 7.4, wa kumi 7.5, wa kumi na moja 7.5. Akaniuliza, "Papa, kadi hii ni nani aliyewaeleza?" Hakuna aliyekuwa ametueleza. Katika kituo cha afya tulichokuwa tukimpeleka, mtoto alitundikwa kwenye mzani, nukta ikatiwa, kadi ikarudishwa, na mwezi ambao mke wangu alithubutu kuuliza aliambiwa asicheleweshe foleni. Yule mama alitoa utepe wa kupimia mkono, akauzungusha katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto, akanionyesha milimita 128. Kwa utepe, alisema, mtoto huyu yuko kwenye kijani, kwa kuwa njano huanza chini ya 125 na nyekundu chini ya 115. Lakini utepe husema hali ya leo tu, ilhali mstari husema mwendo, na mtoto wa umri huu ambaye mstari wake umelala miezi mitatu lazima aangaliwe hata kama hajavuka mpaka wowote. Alitumia dakika nne, labda tano. Katika miezi kumi na moja hakuna mtu mwingine aliyetupa dakika hizo.

Mada yenyewe ilikuwa uji. Aliwasha mbabula, jiko la makaa, mbele yetu, akabandika masufuria mawili, na badala ya kutoa hotuba akatuuliza mmoja mmoja uji wa mtoto nyumbani kwake unaonekanaje. Wengi wetu tulijibu kwamba ni mwepesi ili mtoto aumeze bila shida. Akachota kutoka sufuria ya kwanza kwa kijiko, akakiinamisha, uji wote ukamwagika kama maji. Akachota kutoka sufuria ya pili, akakiinamisha vilevile, uji ukabaki umeshika kijiko, ukitelemka polepole kwa uzito wake mwenyewe. Ndipo akaeleza sababu: tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo binti yangu wa kilo saba na nusu alikuwa na nafasi ya gramu kama 225, yaani kikombe kimoja cha chai kisichojaa sana. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi, umekijaza maji. Mtoto atashiba, atalala, na hatakua. Nilikuwa nimemlisha mwanangu hivyo kwa miezi mitano, kwa upendo wote, huku nikifurahi kwamba anamaliza.

Baada ya hapo mikono yote iliingia kazini. Kila mzazi alipewa zamu ya kukoroga, na nikajifunza kwamba unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, la sivyo mabonge hayaepukiki. Tulionyeshwa kukaanga soya kabla ya kuisaga, kwa kuwa soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuzitumia protini zake, na wako wengi wanaoisaga mbichi ili kuokoa makaa. Tuliongeza kijiko cha mafuta ya mawese, kisha unga wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani) waliokaushwa, wakakaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa ili mwiba usibaki. Hilo la sambaza lilinigusa kwa namna ya pekee, maana tunawaona kila siku kwenye beseni za akina mama wa ufukweni na tunawahesabu kuwa mboga ya watu wazima. (Wala si wa ziwa letu tangu asili, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni nani anayeweza kuifikiria Bukavu bila sambaza?) Idadi ya milo aliitaja mwishoni: mtoto wa miezi tisa na kuendelea ale mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na kitu kidogo mara moja au mbili katikati, na kunyonya kuendelee hadi miaka miwili na zaidi. Sisi tulikuwa tukimpa mara mbili, asubuhi na jioni, kama tulavyo sisi wenyewe.

Utapiamlo mkali wa watoto hapa Kivu una jina la zamani, nalo ni bwaki. Mtaalamu hakulikwepa. Alieleza kwamba neno la kitabibu, kwashiorkor, daktari Cicely Williams alilichukua kutoka lugha ya Kiga ya Ghana katika miaka ya 1930, na kwamba kule linataja ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Koko mmoja, yaani bibi, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, aliyemleta mjukuu wake, aliitikia mara moja kwamba mama yake alikuwa akisema maneno hayohayo kwa Mashi, lugha ya Washi wa hapa Kivu: mtoto akinyang'anywa ziwa la mama ghafla kwa sababu ya mimba nyingine, miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na kicheko huondoka. Hali hiyo ilijulikana sana katika mji huu kiasi kwamba Bukavu ikapata shirika lililobeba neno hilo katika jina lake, Comité Anti-Bwaki. Nilithamini kwamba mtaalamu alimwachia koko nafasi amalize, kisha akayajenga maelezo yake juu ya ya koko, bila kumsahihisha mbele za watu.

Kikao cha kuharisha kiliongozwa na muuguzi wa watoto, na kwa maoni yangu ndicho kilichopangwa vizuri kuliko vyote. Wiki mbili kabla, tuliombwa kuja na chombo ambacho nyumbani tunakitumia kuchanganyia pakiti ya SRO, ile chumvi ya kumrudishia maji mtoto anayeharisha. Watu walileta magudulia, chupa, na bakuli moja lenye ufa. Muuguzi alikuwa na jagi lenye alama, akamimina maji kutoka jagi hilo hadi kwenye kila chombo, mbele ya macho ya mwenyewe. Pakiti moja inataka lita moja kamili. Jagi langu la njano, ambalo siku zote niliapa kuwa ni la lita moja, lilichukua lita moja na nusu, maana yake dawa yangu ilikuwa hafifu. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa akimimina pakiti nzima katika chupa ya nusu lita, na hapo sauti ya muuguzi ilibadilika: chumvi ikizidi hivyo, mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji huweza kuwa hatarini zaidi kuliko kabla. Yule mama alinyamaza kitambo kirefu. Muuguzi akamshika bega, akamwomba amsaidie kupima vyombo vilivyobaki, na akina mama watano waliofuata walipimiwa na yeye. Mimi nafundisha kwa miaka kumi na mbili, nami naweza kusema kwamba ni walimu wachache wanaojua kumrudishia mtu heshima yake kwa haraka namna hiyo. Kabla ya kuondoka, kila mmoja alichora alama ya lita kwenye chombo chake kwa kalamu ya wino usiofutika. Alama yangu bado ipo.

Katika kikao hichohicho tuliambiwa kwamba vidonge vya zinki hutolewa kwa siku kumi hadi kumi na nne hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyefikisha miezi sita na 10 kwa aliye chini ya hapo. Kwamba mtoto anayeharisha haachishwi kula wala kunyonya. Na kwamba mtoto ambaye macho yamezama, anayeshindwa kunywa, aliyelegea au mwenye damu kwenye choo hapaswi kungojea chai imalizwe, bali apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Katika mji ulio ukingoni mwa ziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, maneno haya hayana anasa ndani yake. Suala gumu zaidi lilikuwa lile la dawa za majani zinazotiwa kwa njia ya nyuma ili "kusafisha tumbo". Wengi wetu tulitendewa hivyo tukiwa watoto. Muuguzi hakusema kwamba wazazi wetu walikuwa wajinga. Alisema tu kwamba mtoto anayepoteza maji huongezewa upotevu mwingine, na kwamba utumbo wake ni laini kuliko unavyodhaniwa, kisha akasubiri maswali, nayo yakaja kwa wingi.

Kikao cha nne kilinisikitisha mwanzoni. Mada ilikuwa lugha na akili ya mtoto, nami niliisubiri kwa hamu kuliko zote. Mtaalamu wa saikolojia alikuja na kompyuta na projekta, akasimama karibu na ukuta, na kwa dakika arobaini alisoma kwa Kifaransa maneno yaliyokuwa yameandikwa ukutani, huku akigeuka mara mojamoja kutafsiri sentensi moja kwa Kiswahili. Mimi nilifuata, kwa sababu ya kazi yangu. Nusu ya akina mama hawakufuata, na niliona wawili wakifunga vitenge vyao na kuondoka. Sielewi kwa nini mtu ambaye anaongea Kiswahili safi kabisa anaposalimia hukiweka kando mara anapoanza kufundisha, kana kwamba elimu ingechafuka.

Kisha umeme ukakatika. Ukuta ukawa mweusi, na yule mtaalamu, baada ya kungoja kidogo, akavua viatu akaketi kwenye mkeka. Alimwita mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akamwaga mbele yake vifuniko vya chupa kama ishirini, na hakusema kitu. Mtoto akachukua kifuniko kimoja, akamwangalia. "Umechukua chekundu," mtaalamu akasema kwa Kiswahili, kisha akanyamaza na kungoja. Mtoto akatoa sauti. Akamjibu sauti ile kama vile ni neno kamili, akangoja tena. Waliendelea hivyo kwa dakika kumi, na ukumbi mzima ukatulia. Alitueleza baadaye kwamba kwa lugha ya mtoto faida kubwa iko katika kupokezana: mzazi aseme, angoje, ajibu. Wengi wetu husema na kuamrisha mchana kutwa bila kungoja hata mara moja. Redio inayoongea saa kumi haiwezi kumngoja mtoto.

Hapo mzazi mmoja akauliza swali ambalo nadhani liko katika nyumba nyingi za Bukavu: je, waache Mashi nyumbani, wamsemeshe mtoto Kifaransa peke yake ili asichelewe shuleni? Jibu lilikuwa wazi. Mtoto anaweza kukua na lugha mbili au tatu bila kuchelewa kwa sababu ya lugha hizo. Kuchanganya maneno ni hatua ya kawaida. Na lugha inayomfaa zaidi nyumbani ni ile ambayo mzazi anaimudu kwa undani, ambayo anajua kubembelezea, kukaripia, kutania na kusimulia. Mzazi anayejikakamua kwa Kifaransa cha maneno mia mbili humpa mtoto maneno mia mbili. Nilitoka pale nikampigia simu mama yangu aliyeko Walungu, nikamwomba awe anazungumza na mjukuu wake kwa Mashi kila Jumapili.

Vikao vingine nitavipitia haraka. Kile cha usingizi kilikuwa kizuri ila kifupi. Nilichobaki nacho ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Kile cha simu kilisimama juu ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaoshauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wazazi waliuliza wafanye nini sasa wakati wanapika, na majibu hayakutosha. Kile cha chanjo kilirudia yale ambayo vituo vya afya tayari husema. Cha michezo kiliahirishwa na hatukuambiwa mpaka tulipofika, jambo ambalo kwa mtu aliyeshuka mlima na mtoto mgongoni si dogo.

Lakini lawama yangu kubwa ni saa. Kikao cha saa mbili na nusu, siku ya kazi, kinawachagua watu. Kinawapata wake wa watumishi wa ofisi, walimu wa zamu ya mchana kama mimi, na akina koko. Hakimpati mama anayepanga nyanya zake sokoni, wala yule anayebeba mizigo kwenye bandari za ziwa tangu alfajiri, na hao ndio ambao watoto wao huachwa na dada wa miaka minane pamoja na sufuria ya uji mwepesi. Katika vikao saba nimehesabu mama wawili tu wa sokoni, na kila mmoja alikuja mara moja. Zile faranga 2000 si kikwazo kwao kama ilivyo asubuhi iliyopotea, kwa maana asubuhi ndiyo mtaji wenyewe. Niliwauliza waandaaji, wakaniambia kwamba wataalamu wanapatikana saa hizo tu, kabla ya kazi zao za mchana. Naamini ni kweli. Hata hivyo nimewapendekezea jambo ambalo ninalirudia hapa: kikao kimoja kati ya viwili kifanyike karibu na soko lenyewe, Nyawera au Kadutu, saa sita wakati wateja wamepungua, kwa dakika arobaini tu, na mbabula na kijiko. Mbabula huwaka popote.

Jambo la pili ni akina baba. Tumekuwa watatu, wakati mwingine wawili. Mwanzoni wahudumu waliniuliza mama wa mtoto yuko wapi, na swali hilo lilirudiwa katika vikao viwili vilivyofuata. Sasa wananipa sufuria kama wengine. Wakitaka baba wengine waje, tangazo lao liache kusema "akina mama", maana ndivyo linavyoanza.

Jambo la tatu ni kwamba hakuna anayefuatilia. Mtaalamu wa lishe aliiona kadi yetu mara moja, na aliporudi baada ya wiki sita ni mimi niliyemkumbusha. Daftari moja la kuandikia watoto waliohitaji kuangaliwa lingetosha. Karatasi zinazogawiwa mwishoni ziko kwa Kifaransa tupu. Mke wangu alizitumia kufungia karanga, na sikuwa na neno la kumjibu.

Kwa mzazi anayenuia kwenda: beba kadi ya kilo hata kama mada haihusu uzito, beba kikombe na kijiko cha mtoto mwenyewe, na kaa kwenye mkeka badala ya benchi, kwa sababu wataalamu wazuri huanzia mkekani. Vikao vya lishe na vya muuguzi usivikose. Kama mada ni ya projekta, kaa mbele na uombe Kiswahili kwa sauti. Nimefanya hivyo mara mbili na mara zote mbili tulipewa.

Binti yetu alipimwa akiwa na miezi kumi na mitatu, akafika kilo 8.1. Mimi ndiye ninayepika uji wa asubuhi sasa, naye mke wangu hupika wa jioni baada ya kunitazama jinsi ninavyoinamisha kijiko. Jumatano ijayo mada ni meno. Yeye ndiye angependa kwenda, kwa kuwa ana maswali yake mwenyewe ambayo mimi siwezi kumuulizia vizuri, lakini siku hiyo viazi vinaingia.